Elimu ya Ofisa Hupimwa Wapi?

Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, ofisa mstaafu wa jeshi, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi, katika bwalo la shule, Tabora.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wenzangu mliotoka mbali kwa gari moshi na kwa basi, na ninyi vijana mliokaa nyuma mkisubiri wazee wamalize kusema ili chakula kipakuliwe:

Ndugu Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya elimu inayotolewa katika vyuo vya kijeshi, na kama elimu hiyo inafaa au haifai. Nadhani alinichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilivaa sare ya jeshi kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu ya miaka hiyo nilikuwa mkufunzi wa maofisa wanafunzi. Ya pili, kila nikija hapa vijana wa kidato cha sita hunizunguka na kuuliza: "Shikamoo mzee. Hivi huko Monduli wanafundisha nini?"

Swali hilo ni zuri na jibu lake si gumu. Wanafundisha kusoma ramani, kutumia silaha, kuongoza platuni, sheria za jeshi, historia ya vita, na kuamka kabla ya jogoo. Lakini leo nataka kuuliza swali la pili, ambalo vijana hawajaniuliza bado. Tutajuaje kuwa waliofundishwa wamefundishika? Nani atatuambia, na atatuambia lini?

Hilo si swali la wanajeshi peke yao. Mwalimu anayefundisha hesabu anapaswa kujiuliza hivyo hivyo, na daktari, na fundi seremala. Lakini katika jeshi kosa la kupima vibaya hulipwa kwa roho za watu, tena watu ambao hawakuwa na sauti katika kumchagua anayewaongoza. Ndiyo maana nimeona nilianze jambo hili kwa mfano wa hapa hapa nyumbani.

KIRANGOZI WA NJIA YETU

Nilikuja shuleni hapa mwaka 1966 kwa gari moshi kutoka Kaliua, na sanduku langu la bati kichwani. Jumapili tulipewa ruhusa ya kutembea, tukafika mpaka Kwihara kuitazama tembe waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Tulipumzika chini ya miembe, tukala maembe, tukarudi. Hatukujua kuwa tulikuwa tumekaa juu ya darasa kubwa la uongozi kuliko yote yaliyopata kuwako katika nchi hii.

Kwa maana Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka hapa njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, na nyingine ilishuka pwani, zaidi ya kilometa 800, mpaka Bagamoyo. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, walibeba pembe za ndovu kwenda, na nguo, shanga na nyaya kurudi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na safari ilichukua miezi. Wasafiri wa wakati ule waliandika kuwa kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa kuwa mtu kamili mpaka awe amekwenda pwani akarudi.

Mbele ya msafara alitangulia mtu mmoja aliyeitwa kirangozi. Huyu hakuwa tajiri wa mali. Alikuwa mpagazi kama wenzake, ambaye wenzake walimkubali kwa kuwa aliijua njia, alijua maji yako wapi, alijua mtemi gani adai hongo kiasi gani, na alijua wakati wa kusema "tutue mizigo". Alishika bendera, na nyuma yake ngoma ikalia. Asiyetakiwa na wapagazi hakuweza kuwa kirangozi hata tajiri akimpenda vipi, maana wapagazi wangetua mizigo njiani na kurudi makwao.

Sasa nawauliza, kirangozi alipimwa wapi? Si siku ya kuondoka Unyanyembe, wakati ngoma inalia na wanawake wanapiga vigelegele. Siku hiyo kila kirangozi ni hodari. Alipimwa mwisho wa safari. Na hapo walikuwako watu wawili wanaohesabu, na hesabu zao hazikuwa moja. Tajiri kule Bagamoyo alihesabu pembe. Mama aliyebaki nyumbani Unyanyembe alihesabu watu waliorudi.

Sisemi haya ili kuipamba njia ile. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na msafara ungeweza kufika na pembe zote zikiwa salama huku watu wamezikwa njiani. Kwa hesabu ya tajiri, safari ya namna hiyo ilifaulu. Ndiyo sababu nasema kuwa kabla hatujauliza kama chuo kimefaulu, tuulize kwanza tunahesabu nini, na anayehesabu ni nani.

MTIHANI WA JANUARI 1964

Wazee wenzangu mnaukumbuka mwezi huo. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimekaa kwa mjomba wangu hapa mjini. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, katika kambi ya Colito kule Dar es Salaam, ambayo baadaye iliitwa Lugalo, waliasi. Siku iliyofuata kikosi cha pili kiliasi hapa Tabora. Mjomba alifunga mlango kwa komeo, akatuambia tusitoke hata kuteka maji, akakaa barazani ndani akisikiliza redio.

Madai makubwa ya askari yalikuwa mawili: nyongeza ya mishahara, na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, ambao miaka miwili baada ya Uhuru bado walishika vyeo vingi vya juu. Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Serikali yetu, makomando wa Kiingereza walitua kutoka baharini na maasi yakazimwa. Jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Watu wengi wanayaeleza mambo yale kwa upande wa siasa, na wana haki. Mimi naomba tuyatazame kama karatasi ya majibu ya mtihani. Askari wale walikuwa wamefundishwa. Gwaride walilijua, shabaha waliijua, viatu vyao viling'aa. Maofisa wao walikuwa wamepita katika vyuo vyenye sifa duniani. Kama mkaguzi angekuja wiki moja kabla, angewapa alama nzuri. Kwa vipimo vilivyokuwa vikitumika, jeshi lile lilikuwa limefaulu.

Kitu gani basi hakikupimwa? Hakikupimwa kama ofisa anajua kinachosemwa na askari wake usiku wanapoota moto. Malalamiko yale hayakuzaliwa alfajiri ya tarehe 20. Yalikuwa yakipikwa muda mrefu, lakini njia ya kuyafikisha juu ilikuwa imeziba. Ofisa asiyejua yanayosemwa jikoni mwa askari wake hajamaliza masomo, hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta.

WANAFUNZI WAWILI WA SHULE MOJA

Nataka sasa niwape mfano wa watu wawili. Wote wawili walilelewa na jeshi moja, yaani King's African Rifles, lile mlilosikia wazee wakiliita KAR. Mmoja, kijana wa Butiama, aliingia mwaka 1942. Mwingine, kijana wa Uganda, aliingia mwaka 1946, akaanzia kazi ya kumsaidia mpishi. Walifundishwa kwa amri zile zile na wakubwa wa namna ile ile.

Yule wa Uganda alikuwa na mwili mkubwa na nguvu nyingi. Alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda tangu mwaka 1951 hadi 1960. Alitii, alipiga saluti vizuri, na wakubwa wake walipendezwa naye. Mwaka 1959 walimpa cheo cha efendi, ambacho wakati ule kilikuwa cheo cha juu alichoweza kupata Mwafrika katika jeshi lile bila kamisheni, na mwaka 1961 wakamfanya luteni. Jina lake Idi Amin. Tarehe 25 Januari 1971 aliipindua Serikali ya nchi yake, na mwaka 1978 majeshi yake yaliingia Kagera.

Yule wa Butiama alikuwa David Musuguri. Ndiye aliyeongoza divisheni ya ishirini ya jeshi letu ndani ya Uganda katika vita vile. Kisha alikuwa Mkuu wa Majeshi tangu mwaka 1980 hadi 1988, akastaafu, akarudi Butiama akakaa kwa amani, mpaka alipofariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 104.

Funzo langu hapa lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba vipimo vya KAR havikuweza kuwatenganisha watu hawa. Vilipima mabavu, utii na saluti, na katika hayo wote wawili walipita. Havikupima mtu atafanya nini siku atakapokuwa hana mkubwa juu yake. Upande wa pili ni onyo kwetu sisi tunaopenda kujisifu. Shule inayotaka sifa kwa ajili ya Musuguri lazima ikubali na lawama kwa ajili ya Amin. Kama haitaki lawama, basi isichukue na sifa. Mtu huja chuoni na malezi ya mama yake, na akitoka hukutana na dunia. Anayesema chuo peke yake ndicho kilichomfanya fulani kuwa shujaa amepima kwa jicho moja.

Wala jambo hili si la Afrika tu. Kule Marekani wana chuo chao cha West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802. Mwaka 1843 alihitimu pale kijana aliyeitwa Ulysses Grant, akiwa wa 21 katika darasa la watu 39. Aliyetazama orodha ile hakuwa na sababu ya kumkumbuka. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja, ni huyo wa 21 aliyeongoza majeshi ya Serikali mpaka ushindi wa mwaka 1865, na Jenerali Lee aliyesalimu amri mbele yake alikuwa amehitimu chuo hicho hicho, akiwa wa pili darasani. Sisemi kuwa kuwa wa 21 ni jambo jema. Vijana, msiende kumwambia Ndugu Mkuu wa Shule kuwa mimi nimewaruhusu. Nasema kuwa orodha ya siku ya kuhitimu ni habari ya siku hiyo.

NGAZI NNE

Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Donald Kirkpatrick, aliandika makala za kueleza kuwa mafunzo yoyote ya kazi yaweza kupimwa kwa ngazi nne. Ya kwanza ni kuwauliza wanafunzi kama waliyapenda mafunzo. Ya pili ni kuwapa mtihani ili kuona kama wameelewa. Ya tatu ni kuwafuata kazini baada ya muda, kuona kama mwenendo wao umebadilika. Ya nne ni kutazama matokeo katika kazi yenyewe.

Ngazi mbili za kwanza ni rahisi, maana mwanafunzi bado yuko mbele yako na kalamu unayo. Mbili za mwisho ni ngumu, kwa kuwa mwanafunzi ameshakwenda zake, yuko Mtwara au Kigoma, na wewe umeshapata darasa jipya. Hivyo ni rahisi kwa chuo chochote duniani kuishia ngazi ya pili na kujiridhisha.

Tukipandisha hesabu hadi ngazi ya tatu na ya nne, nchi yetu inayo majibu ya kusoma. Maofisa wetu wa mwanzo walifundishwa ugenini. Marehemu Alexander Nyirenda, aliyesimamisha bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro usiku wa Uhuru mwaka 1961, alipita Sandhurst kule Uingereza. Mirisho Sarakikya, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi tangu mwaka 1964 hadi 1974, naye alipita huko huko. Baada ya maasi walikuja wakufunzi kutoka Kanada, wakakaa mpaka mwaka 1970, na Wachina nao wakatoa msaada mkubwa. Hatimaye tukawa na chuo chetu wenyewe, na leo kiko Monduli, mkoani Arusha. Jambo la kwanza la kukisifu ni hilo: kwamba kijana wa Tanzania aliweza kujifunza uongozi katika ardhi ya watu atakaowaongoza, kwa lugha ambayo askari wake anaielewa. Kiswahili ni silaha. Amri isiyohitaji mkalimani hufika upesi, na malalamiko yasiyohitaji mkalimani hufika upesi pia.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1978. Jeshi lililokuwa dogo lilipanuka kwa miezi michache, likachanganyika na mgambo waliotoka mashambani na ofisini. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa. Hayo tunayasimulia kila mwaka. Lakini mkufunzi mwaminifu husoma na ukurasa wa Lukaya. Tarehe 10 Machi 1979, kwenye barabara ile inayopita katikati ya kinamasi, brigedi yetu moja yenye mgambo wengi ilipigwa kwa roketi za Walibya, ikatawanyika. Usiku ule ukawa wa kukusanya watu gizani, kuwahesabu, kuwatuliza na kuwapanga upya. Alfajiri ya tarehe 11 brigedi nyingine ikazunguka ikashambulia kutoka ubavuni, na adui akavunjika. Mimi nilikuwa mbali nyuma, na magari ya vifaa, lakini niliwasikia walioshuhudia. Hawakuniambia habari za ramani wala gwaride. Waliniambia habari za maofisa waliopita gizani wakiita watu kwa majina. Kumjua askari kwa jina lake ni somo ambalo halina karatasi ya mtihani.

Baada ya vita vijana wa Uganda nao walikuja Monduli kusomea uofisa, ili wakajenge jeshi jipya la kwao. Jirani hakuletei mtoto wake umfundishe kama haamini mafunzo yako.

Hata hivyo hesabu si ya upande mmoja. Mwaka 1983 baadhi ya maofisa wa jeshi walikamatwa kwa njama za kuipindua Serikali, na kesi ikaisha mwaka 1985 kwa hukumu za vifungo. Lazima nalo liandikwe katika daftari. Na liandikwe pia la mwaka 1992, vyama vingi vilipoanza na wanajeshi wakatakiwa kuchagua kati ya siasa na sare. Jakaya Kikwete, aliyesoma Monduli na kufundisha siasa pale kati ya mwaka 1984 na 1986, alivua sare akiwa luteni kanali, akaendelea na siasa. Wengine walibaki na sare wakaacha siasa. Jambo lile lingeweza kuleta fujo, na halikuleta. Kwangu mimi ukimya ule ni alama kubwa kuliko mizinga ya sherehe.

Miaka ya karibuni chuo kile, kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha, kimeanza kutoa shahada ya sayansi ya kijeshi. Nafurahi. Ofisa asiyesoma ni hatari. Lakini shahada ni ngazi ya pili. Ya tatu na ya nne bado ziko njiani.

KOSA LANGU

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Nilipokuwa mkufunzi, chuo sitakitaja kwa kuwa kosa lilikuwa langu mimi, nilisimamia zoezi la mwendo mrefu wa usiku. Kila ofisa mwanafunzi alipewa kikundi cha watu kumi na wawili, ramani, dira na mizigo, afike mahali fulani kabla ya mapambazuko. Karatasi yangu ilikuwa na nafasi ya muda, nafasi ya usahihi wa njia, na nafasi ya hali ya silaha.

Kijana mmoja alifika wa kwanza kabisa, dakika hamsini kabla ya wengine. Nilifurahi nikamwandikia alama za juu. Kikundi chake nilikiona kimefika, sikutazama zaidi. Kijana mwingine alifika wa mwisho lakini mmoja, jua limekwisha kuchomoza. Mtu wake mmoja alikuwa ameteguka mguu. Walikuwa wamegawana mzigo wake, na yeye mwenyewe walimkokota kwa zamu. Ofisa mwanafunzi alikuwa amebeba bunduki mbili. Nilimwandikia "amechelewa", nikampa alama ndogo. Alipoteza nafasi ya kwenda kozi ya nje kwa ajili ya alama zile. Yule wa kwanza akaenda.

Jioni ile sajini wangu, mtu mzima wa Tunduru, aliniambia kwa heshima: "Afande, yule wa kwanza amefika na watu wanane. Wanne wamekuja mmoja mmoja baadaye, wamejificha kwenye lori." Nilimjibu kuwa karatasi imeshapelekwa. Ilikuwa kweli imeshapelekwa, lakini ningeweza kuifuata. Sikuifuata. Niliona aibu kurudi kwa mkubwa wangu na kusema nimekosea.

Miaka mingi ikapita. Nimestaafu, nikakutana na yule aliyechelewa katika mazishi ya rafiki yetu. Naye alikuwa amestaafu, ana shamba la tumbaku huku kwetu magharibi. Tulizungumza habari za mvua na bei ya mbolea. Tulipoagana alinishika mkono akauliza kwa upole kabisa: "Afande, usiku ule, ulihesabu watu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehesabu dakika. Nilikuwa tajiri wa Bagamoyo, anayehesabu pembe.

NINALOPENDEKEZA

Ndugu Mwenyekiti, mzee akikosea na kunyamaza, kosa lake humzika pamoja naye. Akilisema, huenda likamfaa kijana. Kwa hiyo nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa wote wanaofundisha maofisa, popote walipo, na baadhi yao wamo humu bwaloni. Mfuateni mhitimu wenu baada ya miaka mitatu, na msimuulize kamanda wake peke yake. Waulizeni masajini na makoplo aliowaongoza, kila mmoja kwa faragha, bila kuandika jina: je, ungependa kwenda naye tena? Swali hilo moja lina uzito kuliko maswali arobaini ya karatasi. Majibu yakija mabaya, msimwadhibu sajini aliyesema. Rudini darasani mkaangalie mlichofundisha.

La pili ni kwa chama chetu hiki. Tumezoea kuipima shule yetu kwa majina makubwa. Tunasema Mwalimu Nyerere alisoma hapa, na ni kweli, aliingia mwaka 1937, nasi tunaona fahari. Lakini tukumbuke nilivyosema juu ya Musuguri na Amin. Tukitaka kujua kweli shule yetu imefanya kazi gani, tuwaulize wote, pamoja na wasiopata kualikwa mezani. Napendekeza kila mhitimu, akitimiza miaka kumi tangu atoke hapa, aiandikie shule barua moja yenye majibu ya maswali mawili: shule ilinifundisha nini kilichonifaa, na haikunifundisha nini nilichokihitaji? Barua hizo zisomwe na walimu, zisifichwe kabatini. Chama kilipie karatasi na stempu, na siku hizi hata simu yatosha. Mimi yangu nimekwisha kuiandika. Imechelewa miaka mingi, lakini nimemkabidhi Ndugu Mkuu wa Shule asubuhi hii.

La tatu ni kwenu vijana. Wengine wenu mtakwenda Monduli, na wengi zaidi hamtakwenda, lakini karibu kila mmoja wenu ataongoza watu: darasa, zahanati, duka, karakana, familia. Mtapimwa sana, na wanaowapima watapenda vitu vinavyohesabika upesi. Fanyeni bidii mpate alama hizo, maana bila alama hamtafika mlangoni. Ila jioni, kabla ya kulala, jipimeni wenyewe kwa hesabu ya yule mama wa Unyanyembe. Tumeondoka wangapi? Tumefika wangapi? Aliyebaki nyuma ni nani, na nani amekwenda kumfuata?

Mkitembea Jumapili kwenda Kwihara, mkakaa chini ya miembe, kumbukeni kuwa pale walipita watu waliobeba frasila mbili mbili mabegani, wakimfuata mtu waliyemkubali wenyewe. Wakaguzi hawakuwako na cheti hakikuwako, lakini wapagazi walijua ni nani watakayekwenda naye tena.

Nimesema mengi, na naona wapishi wanachungulia mlangoni.